"Run": kimbia, endesha, tiririka au gombea? Namna ya kuchagua

Mpe mtu anayejifunza Kiingereza sentensi "My nose is running" naye atakujibu kuwa pua yangu inakimbia, kisha atacheka mwenyewe. Anajua fika kwamba pua haina miguu. Lakini siku ya kwanza darasani aliambiwa "run" ni kimbia, na jibu hilo limemganda kichwani kama gundi. Nami nimehariri tafsiri za kutosha kuweza kusema kwamba maneno marefu ya kisayansi hayasumbui watu sana. Mtu akikutana na neno refu hufungua kamusi. Herufi tatu za "run" hazimshtui, kwa hiyo hapo ndipo anapoteleza.

Wala si neno dogo. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika majuzuu 20, kitenzi kilichoongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set", kikiwa na maana zipatazo 430. Ilipofika 2011 "run" kilikuwa kimekipita. Mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, alikaa nacho kwa takriban miezi tisa na kuhesabu maana 645, hizo zikiwa za kitenzi peke yake. Nomino iliwekwa kando na hesabu yake. Ukifikiri kidogo unaona ni kwa nini kimevimba hivyo: kila chombo kipya kilichobuniwa kilihitaji kitenzi, na Kiingereza kilikipa hikihiki. Treni zina-"run", injini zina-"run", programu za kompyuta nazo zina-"run".

Hakuna Mswahili anayehitaji maana 645. Anachohitaji ni kujua aegemee wapi anapokutana na sentensi moja mbele yake. Tofauti ya msingi kati ya lugha hizi mbili ni hii: katika Kiingereza "run" hubaki vilevile, wanaobadilika ni majirani zake. Katika Kiswahili majirani wanaweza kubaki, kitenzi ndicho kinachogeuka, ama kwa kuvaa kiambishi kipya, ama kwa kumpisha mwenzake kabisa. Kwa hiyo usianze na "run". Anza na kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake, ujiulize nani anasogea, na je, kuna anayesogezwa?

Kimbia, kimbilia, kimbiza

Hata pale ambapo "run" kweli ni miguu kugusa ardhi kwa kasi, kazi ya kuchagua haijaisha. Tazama jozi hii. Kiingereza kinasema "He ran from his wife" na "He ran to his wife", na tofauti yote imebebwa na kijineno kimoja kilichosimama peke yake. Kiswahili kinaimeza tofauti hiyo ndani ya kitenzi. Alimkimbia mkewe: amemtoroka, pengine watoto wameachwa na deni la nyumba halijalipwa. Alimkimbilia mkewe: amemwona kwa mbali, akaenda kwake kwa furaha au kutafuta msaada. Silabi moja tu inatenganisha ndoa iliyovunjika na ndoa iliyo salama. Nimewahi kusoma tafsiri ya hadithi ambamo mhusika, baada ya miaka mingi ughaibuni, "alimkimbia mama yake huku akilia". Mwandishi alitaka wakumbatiane.

Kisha kuna kimbiza, na hiki kina sura mbili. Mbwa akimkimbiza paka, anamfukuza. Jirani akimkimbiza mgonjwa hospitali, anamuwahisha. Kiingereza hapa kinashangaza, kwa sababu "run" nayo inafanya kazi ya pili vizuri kabisa: "I'll run you to the station" ni nitakupeleka mara moja hadi kituoni, kwa gari, bila mtu kutokwa jasho. Ukiona "run" ina mtu mbele na mtu nyuma, na halafu mahali, jaribu kimbiza kama kuna dharura, peleka kama hakuna.

Mtu asiye na anayemkimbilia wala anayemkimbia anaweza kukimbia tu, au kwenda mbio, au kupiga mbio. Kimbia hakina rangi, kinafaa popote. Enda mbio kinafaa zaidi kueleza kasi, hata ya gari au ya wakati. Timua mbio kina hofu ndani yake: kuna kitu kimemshtua mtu. Kata mbuga ni mwendo mrefu usiosimama. Sentensi ya Kiingereza inaposema tu "he ran", mtafsiri mvivu ataandika alikimbia mara kumi katika ukurasa mmoja. Kiswahili kimempa akiba kubwa kuliko hiyo, aitumie.

"Run away" ni la kuangaliwa peke yake. Mwizi, mfungwa, mtoto aliyechoshwa na nyumbani: hawa hutoroka. Kutoroka kuna kificho na kuna mahali ulipotakiwa uwepo. Askari anayekimbia risasi hajatoroka, ila askari anayeondoka kambini usiku ametoroka, hata kama alitembea polepole.

Endesha, simamia, ongoza

Hapa ndipo tafsiri za barua za kazi na wasifu zinapoharibika. "She runs a school." Nani anamsogeza nani? Mwanamke yupo mbele, shule ipo nyuma, na shule ndiyo inayokwenda. Kwa hiyo kimbia kimeshaondoka mezani. Wanabaki watatu.

Endesha ni enda kilichovishwa kiambishi cha kusababisha: kufanya kitu kiende. Mtu anaendesha gari, biashara, mkutano, mafunzo, kesi. Kina mkono wa kila siku ndani yake, mtu anayehakikisha mishahara inalipwa na milango inafunguliwa. Simamia kina mtu mwingine nyuma ya pazia: anayesimamia shamba mara nyingi si mwenye shamba. Ongoza kinaonyesha njia, kinahusu watu zaidi kuliko mambo. Mwalimu mkuu anaongoza shule, mmiliki anaiendesha, na meneja aliyeajiriwa anaisimamia. Kiingereza kinaweza kuwaita wote watatu kwa "runs" na kumwachia msomaji atafute mwenyewe. Ukilazimika kuchagua bila kujua zaidi, chagua endesha, maana ndicho kipana kuliko wenzake. Lakini kama waraka ni wa kisheria, au ni wasifu wa mtu anayeomba kazi, uliza kwanza. Kumwita msimamizi mwendeshaji kunaweza kumpa mali isiyo yake.

Yapo mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza, endesha kikipewa mtu badala ya kitu hubadilika tabia. "Anamwendesha mumewe" si sifa. Inamaanisha kumpeleka atakavyo, kumburuza. Kwa bahati nzuri Kiingereza nacho husema "she runs his life", na hapo kumwendesha kunakaa sawasawa kama kidole na pete. La pili, usimwachie endesha peke yake bila kitu cha kuendeshwa. "Mtoto anaendesha", bila kutaja baiskeli wala chochote, katika masikio ya wengi ni mtoto anayeharisha, na tumbo la kuendesha ni ugonjwa unaojulikana. Nilipogundua kwamba Waingereza nao huyaita maradhi hayohayo "the runs", nilikaa nikacheka. Lugha mbili zisizo na undugu, zikitazama tumbo moja, zimeona mwendo uleule.

Kwenye kompyuta, endesha na fanya kazi hugawana kazi kwa usawa ambao sikuutarajia. Wewe unaendesha programu, programu inafanya kazi. Ukiwa na mtu mbele, endesha. Ukiwa na chombo mbele, fanya kazi. Kwa injini ya gari, hata fanya kazi ni kizito mno, maana watu husema gari linawaka, au injini inanguruma. "Leave the engine running" ni usizime gari, na tafsiri bora hapa ni ile iliyogeuza sentensi nzima ikawa ya kukanusha.

Najua wapo wanaokwepa uamuzi wote huu kwa kusema "narun biashara". Katika mazungumzo sina ugomvi nao. Kwenye maandishi ni sawa na kumpa msomaji unga ukamwambia apike mwenyewe.

Vitu vya majimaji

Watu wengi hudhani kwamba maji "kukimbia" kwa Kiingereza ni tamathali tu, kwamba neno lilianza na miguu likahamia mtoni. Sivyo. Tangu Kiingereza cha kale, kitenzi hiki kilibeba mwendo wa kiumbe na mtiririko wa maji kwa pamoja. Ndugu yake Kijerumani ameyagawa: "rennen" ni kukimbia, "rinnen" ni kutiririka. Kiingereza kilibaki na chungu kimoja kwa mboga zote. Kiswahili kina rafu nzima ya vyungu.

Tiririka ni mwendo mfululizo, wa mto au wa machozi mengi. Churuzika ni chembamba, kinafuata juu ya kitu: damu inachuruzika kwenye kidole, jasho linachuruzika mgongoni. Bubujika kinatoka chini kwenda juu, chemchemi hufanya hivyo, na furaha pia. Vuja kinahitaji tundu au ufa. Miminika ni wingi unaoshuka kwa pamoja, na ndiyo maana watu nao humiminika uwanjani. Mto ukiwa haufanyi lolote la ajabu, ukitaja tu unakoelekea, hupita: mto unapita kati ya milima.

Bomba je? "The tap is running" si bomba linatiririka. Ni maji yanatoka, au bomba liko wazi, au, kama mwenye nyumba ameshaanza kukasirika, maji yanamwagika bure. Na ile pua tuliyoanza nayo inatoa kamasi, au kamasi zinamtoka mtu. Ukiona Kiswahili kinamgeuza mwenye pua kuwa anayetokwa, usishangae. Jasho humtoka mtu, machozi humtoka, damu humtoka. Kiingereza kinamfanya mtu au kiungo chake kuwa mtendaji pale ambapo sisi tunamwona ametendwa.

Rangi ya nguo ina mtego mdogo. "The colours ran" watu huandika nguo imechuja. Lakini nguo iliyochuja ni iliyopoteza rangi yake, imepauka. Iliyo-"run" ni ile iliyotoa rangi ikachafua shati jeupe kwenye beseni. Zote mbili zinaweza kutokea siku moja, ila wa kulalamika ni watu tofauti.

Kugombea

Huu ni ulinganisho ninaoupenda kuliko yote, ingawa ni mfupi. Mmarekani anayetaka urais ana-"run for president". Mwingereza anayetaka ubunge, kwa desturi ya lugha yake, ana-"stand for Parliament". Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, na wote wanataka kiti. Mswahili hakimbii wala hasimami. Anagombea, na ndani ya gombea kuna gomba: kuzozana kwa ajili ya kitu. Nani kati ya watatu hawa ameuelezea uchaguzi kwa ukweli zaidi, amua mwenyewe.

Kwa cheo cha kupigiwa kura, gombea ndicho chaguo la kwanza. Wania kinafaa pia, na kinang'aa zaidi kwenye kombe na tuzo, ambako hakuna ugomvi bali bidii. "Running mate" ni mgombea mwenza. "Runoff" ni duru ya pili, wala usitafute mbio yoyote humo.

Vijineno vinavyofuata

"Out", "into", "over", "down", "up". Wanafunzi huviogopa hivi kuliko inavyostahili. Dawa ni kukisahau "run" kabisa na kuchukua neno na mkia wake kama kitu kimoja.

"Run out" kinastahili muda kidogo, kwa sababu Kiswahili kina milango mitatu. Sukari imeisha: habari tu, haina mwenyewe. Nimeishiwa sukari: mimi ndiye habari, na ninayetaka kuonekana ni mimi na shida yangu. Sukari imeniishia: imenikatikia mkononi, pengine katikati ya kazi. Kiingereza nacho kina "The sugar ran out" na "I ran out of sugar", kwa hiyo milango miwili ya mwanzo inalingana karibu kabisa. Wa tatu ni zawadi yetu wenyewe. Pesa na muda vinafuata njia hiyohiyo, ila subira mara nyingi humshinda mtu badala ya kumwishia.

"Run into" inategemea kilichogongwa. Rafiki: nilikutana naye kwa bahati, nilikumbana naye. Ukuta: niligonga. Matatizo: nilikumbana nayo, kitenzi kilekile cha rafiki, na ni kweli marafiki wengine ni hivyo. "Run over" ikiwa na gari na kiumbe ni kugonga au kukanyaga, ikiwa na mkutano ni kupitiliza muda, na ikiwa na hotuba mkononi ni kuipitia tena kabla ya kupanda jukwaani. "Run down" kwa mtu ni kuchoka, kwa jengo ni kuchakaa, kwa betri ni kuisha chaji. "Run up" ikifuatwa na deni ni kulimbikiza. Basi.

Pale ambapo mwendo hauonekani

Kuna "run" nyingine hazina mwendo wowote, na tafsiri nzuri huzifuta kimyakimya. Filamu ina-"run" saa mbili: inachukua saa mbili. Mkataba ni wa miaka mitatu, huhitaji kitenzi. Barabara inapita kando ya mto, au inauambaa. Ugonjwa ambao "runs in the family" ni wa kurithi, na kama ni kipaji, kimo kwenye damu. Mtu mwenye "running a fever" ana homa tu. Gazeti linachapisha habari, redio inarusha tangazo. "A run of bad luck" ni mfululizo wa mikosi. Aliye "on the run" anasakwa, hata kama wakati huu amejilaza chini ya kitanda cha shangazi yake.

"Bank run" ilinipa kazi zaidi. Zamani ilitosha kuandika watu walikimbilia benki kutoa pesa zao, na picha ilikuwa wazi: Septemba 2007 wateja wa Northern Rock nchini Uingereza walipanga foleni mpaka nje ya milango. Kimbilia kilikaa mahali pake. Machi 2023, huko Marekani, wateja wa Silicon Valley Bank walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao wakiwa wamekaa na simu na kompyuta zao. Nani alikimbilia wapi? Neno la Kiingereza halikuhitaji kubadilishwa. La Kiswahili likaanza kuyumba, kwa kuwa kimbilia kinataka miguu na kinataka mahali. Kwa hali ya pili mimi huandika wateja waliikimbia benki. Ile silabi inayotenganisha kimbia na kimbilia imerudi kazini, safari hii kwa kuondolewa, na imesema ukweli.

Na piga je?

Asije mtu akadhani kuvimba ni ugonjwa wa Kiingereza pekee. Mwingereza anayejifunza Kiswahili huuliza kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, kura, mswaki, hodi, magoti, chafya na marufuku. Kila kimoja kwake kina kitenzi chake. Jibu tunalompa ni lilelile tunalopaswa kujipa mbele ya "run": usimsikilize piga, msikilize anayemfuata. Na kuna mahali maneno haya mawili hukutana. Ukisema nilipiga mbio, mtafsiri wa kwenda upande wa pili hatahangaika na kipigo wala na mbio. Ataandika "I ran", maneno mawili kwa mawili.

Jipime kwa hii, niliyoitunga makusudi: "She was running late, so she ran a bath, left the water running, ran out of soap and ran to the shop." Mara tano. Mimi ningeandika: Muda ulikuwa umemtupa mkono, akafungulia maji ya kuoga, akayaacha yakimwagika, sabuni ikamwishia, akatoka mbio kwenda dukani. Hapo mwanzo nilitaka kuweka alikuwa amechelewa, lakini "running late" ni ya mtu ambaye bado anaweza kuwahi akijitahidi, na huyu, kwa namna anavyoyaacha maji, sidhani.